Rufaa ya kamera ianzie kwenye glovu

Mkulima wa Zagayu anayeona damu kwenye choo ana ngazi nyingi za kupanda. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya ya Itilima, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu pale Bariadi, na mwisho Bugando, Mwanza. Huko ndiko daktari bingwa atamlaza ubavu na kumwingiza mpira wenye kamera ili aukague utumbo mpana, kuanzia njia ya haja kubwa hadi unapoungana na utumbo mwembamba. Kipimo chenyewe, kolonoskopia, kwa kawaida hakifikishi saa moja. Kukifikia kunaweza kula miezi.

Gazeti hili lina neno moja la kusema juu ya miezi hiyo. Anayeamua kama safari ya Bugando itakuwa na faida ni tabibu wa kwanza aliyemwona mgonjwa, yule wa huku kijijini, na uamuzi wake hauhitaji mtambo mkubwa. Unahitaji maswali manne matano, kipimo cha wingi wa damu, glovu moja na kalamu isiyo na uvivu. Hayo yakifanyika, anayestahili kamera ataipata mapema, na asiyestahili atabaki nyumbani na dawa yake. Yasipofanyika wote wawili wanaumia, ila wa kwanza anaweza kupoteza maisha.

Kamera ni kipimo cha kuaminika kuliko vingine kwa magonjwa ya utumbo mpana. Ultrasaundi haioni vizuri ndani ya utumbo, na eksirei ya kawaida ndiyo kabisa. Kamera inaonyesha kidonda, uvimbe, mshipa unaovuja, ukuta uliochubuka. Inanyofoa kipande cha kupeleka maabara. Ikikuta polipu, yaani kinyama kidogo kilichoota ndani ya utumbo ambacho huenda baada ya miaka kikageuka saratani, inakikata papo hapo. Madaktari Wolff na Shinya walianza kuvikata kwa njia hiyo kule New York mwaka 1969, na hadi leo ni miongoni mwa vipimo vichache vinavyotibu huku vikipima.

Lakini thamani yake inategemea nani kalazwa kitandani. Mpeleke kijana wa miaka 22 mwenye gesi na tumbo linalounguruma, bingwa atakagua mita moja na nusu ya utumbo usio na kitu, ataandika kwamba hakuona tatizo, na kijana atarudi na gesi yake. Mpeleke mtu wa miaka 45 aliyetoa damu kwenye choo kwa miezi miwili, nguo zimeanza kumpwaya na damu yake ni saba, hapo uwezekano wa kukuta ugonjwa unapanda sana. Kamera ni ile ile, na bingwa ni yule yule.

Wenzetu wa Ulaya walilivalia njuga jambo hili tangu miaka ya 1990. Jopo la wataalamu lililojulikana kwa kifupi kama EPAGE liliandaa vigezo vya nani apelekwe kwenye kamera na nani asipelekwe, na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba rufaa zinazokidhi vigezo hukuta ugonjwa wa maana mara nyingi zaidi kuliko zisizokidhi. Uingereza mwaka 2023 ilikwenda mbali zaidi: wagonjwa wengi kwanza hupimwa choo kwa kipimo kinachoitwa FIT, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, na kiwango kikifika mikrogramu 10 kwa gramu moja ya choo ndipo wanapewa rufaa ya haraka.

Tuyapokee hayo, ila tusiyabandike Simiyu yalivyo. Kilio cha Ulaya ni foleni iliyojaa watu waliopelekwa bila sababu ya kutosha. Nasi hicho tunacho, hasa mijini, ambako mtu mwenye bima nono anaomba kipimo cha kamera kama anavyoomba kupimwa presha. Zagayu tatizo limekaa upande wa pili. Wanaostahili hawapelekwi, au wanapelekwa wakati ini limeshavimba na tumbo limeshajaa maji.

Sehemu ya uzembe huu ina historia, na historia hiyo ilianzia jirani zetu Uganda. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika vijijini, na mwaka 1971 aliandika kwamba sababu ni chakula chenye makapi mengi, tofauti na mkate mweupe wa Wazungu. Hoja yake ilikuwa na uzito wakati ule, na hata leo hakuna anayemkataza Msukuma kula michembe na mlenda. Kilichobaki kibaya ni mazoea yaliyoota juu yake: kwamba saratani ya utumbo ni ugonjwa wa wenzetu, kwa hiyo Mwafrika anayetoa damu lazima ana amiba, ana taifodi, ana kichocho au ana bawasiri.

Takwimu za Kanda ya Ziwa yenyewe zimeshayavunja mazoea hayo. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando na wenzao walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana na puru waliotibiwa kati ya 2006 na 2011. Umri wa katikati ulikuwa miaka 46. Karibu wote walifika ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Na kwa zaidi ya nusu yao, uvimbe ulikuwa sehemu ya chini kabisa ya utumbo, kwenye puru na mahali inapopakana na utumbo mpana.

Namba hiyo ya 46 isomwe mara mbili. Maana yake ni kwamba takriban nusu ya wagonjwa walikuwa na umri huo au chini yake. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 uliweka miaka 50 kuwa mpaka wa kumshuku mtu anayetoa damu bila sababu inayoeleweka, na 60 kwa mwenye upungufu wa damu. Marekani nao, kwa upimaji wa watu wasio na dalili, waliteremsha umri wa kuanzia kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Tabibu wa Itilima akiutumia mpaka wa Uingereza kama ulivyo, atawarudisha nyumbani watu wengi kati ya wale aliotakiwa kuwapeleka. Kwetu umri wa kumshuku mtu uanze chini, na dalili ndizo ziwe na sauti kubwa kuliko cheti cha kuzaliwa, ambacho wazee wengi hapa hawana.

Sasa glovu.

Uvimbe mwingi ukiwa chini kabisa, baadhi yake unafikika kwa kidole. Kupima puru kwa kidole ni kipimo anachofundishwa kila tabibu chuoni. Hakina gharama zaidi ya glovu na mafuta ya kulainisha, na huchukua dakika moja au mbili. Kinaonyesha kama kuna uvimbe mgumu, kama kuna bawasiri iliyochomoza, kama kidole kinatoka na damu mbichi, damu nyeusi au kamasi. Ni kipimo kinachorukwa kuliko vyote, na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati anajua kwa nini.

Chumba kimoja, pazia fupi lisilofika chini, nje akina mama na watoto wenye homa wamejaa hadi mlangoni. Mgonjwa ni mzee wa miaka 58, ana wajukuu. Tabibu ni binti wa miaka 26 aliyehamishiwa hapa mwaka jana. Mzee hataji damu. Anasema "tumbo linanisumbua, mwanangu," na binti, kwa heshima zake zote, anaandika tumbo, anampa Flagyl na kumtakia safari njema. Hakuna aliyekosea adabu, na uvimbe umepata miezi mitatu mingine.

Dawa ya aibu hiyo ni maneno, na maneno yanafundishika. "Shikamoo, mzee. Samahani, nitakuuliza mambo ya chooni, ndiyo kazi yangu. Choo kina damu? Tangu lini? Kimebadilika, kimekuwa chembamba, unakwenda mara nyingi bila kumaliza haja? Basi naomba ruhusa nikupime huku nyuma kwa kidole, nitaweka mafuta, ukiumia niambie." Mzee akikataa kwa sababu tabibu ni binti, aitwe mwenzake wa kiume, au apangiwe siku ya mwenzake. Akina mama nao wapewe haki hiyo hiyo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotembelea kaya wanaweza kulifungua neno hilo nyumbani kabla mtu hajafika zahanati. Watu wazima wanajadili mambo makubwa kuliko hayo kilabuni.

Baada ya kidole yaje mambo mengine ya bei nafuu. Kipimo cha wingi wa damu. Kipimo cha choo kwa minyoo, amiba na mayai ya kichocho. Kupapasa tumbo kutafuta uvimbe. Kuuliza kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo. Kupima uzito na kuulinganisha na ule ulioandikwa kwenye daftari la mgonjwa mara ya mwisho, maana daftari lile la shule lenye jalada laini ndilo faili pekee la watu wengi vijijini, na halifunguliwi kurasa za nyuma.

Hapa tuseme jambo juu ya kichocho, kwa sababu ndicho kisingizio chepesi kuliko vyote. Kichocho cha tumbo kipo Kanda ya Ziwa, hasa kandokando ya maji, Busega na kwingineko, na kweli kinaweza kuleta damu kwenye choo. Huku Itilima, mbali na ziwa, kinachosumbua zaidi ni kichocho cha mkojo. Kumwambia mtu wa Zagayu kwamba damu yake ya chooni ni kichocho bila kuona hata yai moja kwenye darubini ni kubahatisha. Mayai yakionekana, apewe prazikwanteli, na baada ya wiki chache aitwe tena. Damu ikiwa bado ipo, rufaa isisubiri dozi ya pili. Kwa sababu hiyo hiyo, kile kipimo cha FIT hakiwezi kuletwa hapa na kiwango chake cha Uingereza bila kupimwa kwanza katika jamii yenye kichocho cha tumbo na minyoo inayovujisha damu. Kitawatia hofu wengi wasio na saratani.

Upungufu wa damu nao una mtego wake. Mama mwenye umri wa kuzaa ana sababu nyingi za kupungukiwa damu: hedhi, mimba, malaria, safura. Mwanaume mtu mzima na mama aliyekoma hedhi hawana sababu nyingi hivyo. Damu yao ikishuka hadi saba au nane, huenda kuna mahali inavuja, na utumbo uwe miongoni mwa washukiwa wa kwanza. Kumpa vidonge vya kuongeza damu, kumwongezea chupa mbili na kumruhusu aende nyumbani bila kuuliza inakovujia ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo mara nyingi hauonyeshi damu kwenye choo kabisa. Unajulikana kwa uchovu na macho meupe tu.

Bawasiri ndiyo inayoponza wengi. Ipo, ni ya kawaida, na wenye nayo wengi hawahitaji kamera ndefu. Kijana mwenye damu nyekundu inayodondoka baada ya choo kigumu, ambaye kidole na kifaa kifupi cha kumulikia vimeonyesha bawasiri wazi, atibiwe bawasiri. Lakini kuwa na bawasiri hakumkingi mtu na saratani, na mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili. Mnadani utasikia kipaza sauti kikiuza unga wa kuondoa "kinyama" kwa wiki moja. Mnunuzi wa unga huo akifika zahanati baada ya miezi minne na choo kimekuwa chembamba, asiulizwe tena kuhusu unga. Apimwe.

Nani basi asipelekwe? Mwenye gesi tu. Mwenye tumbo linalouma huku na huko kwa miaka, bila damu, bila kupungua uzito, bila upungufu wa damu. Mwenye choo kigumu tangu utotoni. Mwenye kuharisha kwa siku tano. Aliyepimwa kamera miaka miwili iliyopita, ikaingia hadi mwisho katika utumbo uliosafishwa vizuri, wala hana dalili mpya. Hawa wana haki ya kusikilizwa na kutibiwa, na baadhi yao watalalamika kwamba wanabaniwa. Tabibu awe na ujasiri wa kuwaeleza kwamba kamera si kipimo kisicho na hatari: dawa ya usingizi ina madhara yake, na utumbo unaweza kutoboka, mara chache sana, lakini hutokea. Aidha, nafasi anayochukua asiyehitaji ni siku ambayo mwenye uvimbe amerudishwa Bariadi.

Wapo watakaouliza kwa nini tusipime watu wote wenye afya, kama nchi tajiri. Jibu letu ni fupi. Utafiti mkubwa wa Poland, Norway na Sweden uliochapishwa mwaka 2022 uliwaalika watu kwenye kamera, na baada ya miaka kumi saratani ilipungua kwa asilimia 18 tu kati ya walioalikwa. Chini ya nusu yao ndio waliitikia mwaliko. Kama mafanikio ya wenye hospitali kila kona ni hayo, sisi tuanze na walio na dalili. Hao hatujawamaliza.

Turudi kwenye kalamu. Fomu za rufaa mkoani na nchini zina maneno yanayojirudia: "Maumivu ya tumbo. Anapelekwa kwa uchunguzi na matibabu zaidi." Maneno hayo hayamsaidii bingwa kupanga nani aanze. Mbele yake kuna fomu nyingi, zote zinasema tumbo. Fomu ya kweli ingesema: mwanaume, miaka 47, damu kwenye choo wiki tisa, choo kimekuwa chembamba, uzito umeshuka kutoka kilo 68 hadi 59, damu saba nukta mbili, kidole kimegusa uvimbe mgumu ukutani, choo hakina mayai ya kichocho, ana kisukari, anatumia metformini, hatumii dawa ya kuyeyusha damu. Mistari minne. Bingwa akiisoma anamwita wiki hiyo, na anajua pia la kumwambia kuhusu dawa zake kabla ya kipimo.

Maandalizi ya kipimo nayo yanaharibu rufaa nyingi nzuri, na mijini hawayafikirii kwa sababu kwao si shida. Utumbo usiposafishwa vizuri kamera haioni kitu, na kipimo kinarudiwa. Mgonjwa anatakiwa siku mbili tatu kabla aache mboga za majani, karanga, choroko na mahindi. Vidonge vya kuongeza damu asimamishe wiki moja hivi kabla, maana vinaufanya uchafu kuwa mweusi na kung'ang'ania ukutani. Siku ya mwisho ni vinywaji vyepesi tu, kisha anakunywa dawa ya kusafisha, mara nyingi hadi lita nne, sehemu usiku na sehemu alfajiri. Baada ya hapo anakwenda chooni mfululizo mpaka yatoke maji kama mkojo.

Mtu huyo sasa mpandishe basi. Atoke Zagayu kwa bodaboda hadi Bariadi, apite Lamadi, Magu, aingie Mwanza, huku dawa ikifanya kazi. Haiwezekani. Lazima alale Mwanza, karibu na choo na maji, kwa ndugu wa Igoma au gesti ya bei ndogo, na awe na mtu wa kumsindikiza, kwa kuwa akichomwa dawa ya usingizi hataruhusiwa kuondoka peke yake. Wengi wanaambiwa hayo wakiwa wameshafika Bugando. Wanarudi, au wanalala kwenye benchi, au wanakunywa dawa nusu na kipimo kinashindikana. Maelekezo hayo yangetolewa Bariadi, kwenye karatasi moja ya Kiswahili na mtu wa kuyasoma kwa Kisukuma, pamoja na dawa yenyewe na tarehe iliyothibitishwa kwa simu. Safari moja ingetosha.

Na safari ina bei. Mkoa huu unaishi kwa pamba. Ukitaka kujua lini watu wa Simiyu wanatibiwa magonjwa yasiyo ya dharura, tazama lini vyama vya ushirika vya mazao, AMCOS, vinalipa. Mtu anayeona damu Novemba wakati wa kupanda anasubiri msimu wa mauzo, na anayeiona Septemba fedha ikiwa imeshatoka husubiri ng'ombe apate bei. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii uliokuwa wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, iliundwa kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa hiyo ilimsindikiza mgonjwa hadi mlango wa Bariadi, ikamwachia hapo kipande kilicho ghali kuliko vyote. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekuja na ahadi kubwa, nasi tunaidai moja iliyo wazi: kifurushi cha mwananchi wa kawaida kibebe kamera, kipimo cha nyama maabara na majibu yake, kwa kila mwenye fomu iliyojazwa kama tulivyosema. Vigezo vikifuatwa, mfuko hautafilisika.

Tunasisitiza majibu ya maabara. Kamera ikinyofoa nyama na nyama ikakaa wiki nyingi ikisubiri mtaalamu wa kuisoma au mgonjwa wa kuilipia, hakuna kilichogunduliwa. Bingwa anaweza kushuku kwa macho, lakini dripu za saratani hazianzwi kwa kushuku.

Ipo pia nafasi tunayoiona ikipita bure. Tangu 2024 Serikali imekuwa ikituma kambi za madaktari bingwa, maarufu kama Madaktari Bingwa wa Mama Samia, kwenye hospitali za halmashauri, wakiwemo wapasuaji na mabingwa wa magonjwa ya ndani. Watu hujitokeza kwa mamia. Kambi ya siku tano ni chujio zuri ajabu kwa wagonjwa hawa: waitwe mapema na matabibu wa vijijini, mpasuaji awapime kwa kidole na kifaa kifupi, anayestahili kamera aondoke na tarehe mkononi, na matabibu wa zahanati wakae chumbani wajifunze. Tangazo la kambi likiishia kwenye gari la matangazo sokoni, wanaokuja kwanza ni wenye shida za macho na meno, na yule wa damu chooni anabaki nyumbani na aibu yake.

Mzigo wa mwisho tunauweka mezani kwa wakubwa wawili, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Simiyu na Bugando. Majibu yarudi. Tabibu aliyempeleka mgonjwa mwezi wa pili anastahili kujua mwezi wa nne kwamba ilikuwa saratani, au polipu, au bawasiri, au hapakuwa na kitu. Bila hivyo anarusha mawe gizani miaka yote ya utumishi wake, na hakuna anayeweza kusema rufaa za Itilima zina faida kiasi gani. Ujumbe wa simu unatosha, namba ya fomu na mstari mmoja, bila jina la mgonjwa. Kisha kila robo mwaka Mganga Mkuu wa Wilaya aketi na matabibu wake, awaulize ni wangapi walipelekwa, wangapi walikutwa na ugonjwa, wangapi walikuwa wamechelewa, na kati ya hao waliochelewa ni nani alipimwa kwa kidole siku ya kwanza. Glovu zinaagizwa Bohari ya Dawa kama kawaida, na karatasi ya maelekezo inaweza kuchapishwa Bariadi mjini kwa siku moja. Kikao cha kwanza kifanyike kabla ununuzi wa pamba haujafunguliwa Mei, maana fedha ikishaingia mifukoni ndipo wagonjwa watakapoanza kuja.